Je, John Deacon atarudi jukwaani na Queen mwaka ambao Freddie angetimiza miaka 80?

MwanaShangani ameuliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Naomba tulijadili jambo ambalo limekuwa likitushughulisha barazani kwetu jioni baada ya jioni, sisi wachache tunaoipenda Queen, bendi ya roki ya Uingereza aliyoiimbia Freddie, kwa muziki wake hasa, mbali na hadithi wanazosimuliwa watalii wanaopita wakiuliza nyumba ya Freddie iko wapi. Tarehe 5 Septemba 2026 inatimia miaka 80 tangu Farrokh Bulsara, ambaye dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury, alipozaliwa hapa Unguja. Kwa uzito wa tarehe hiyo, wenzangu wawili wanashikilia kwamba wenzake watatu waliobaki, Brian May wa gitaa, Roger Taylor wa dramu na John Deacon wa besi, watapanda jukwaa moja, japo kwa nyimbo mbili tatu. Mmoja wao anakwenda mbali zaidi na kusema kwamba pahala panapostahiki kufanyika jambo hilo ni hapa hapa, Ngome Kongwe.

Wengi wakisikia kwamba Queen wanarudi huuliza kwanza ni nani ataimba. Kwangu mimi hilo si suala tena. Paul Rodgers aliimba nao kwa miaka kadhaa hadi 2009, kisha akaja Adam Lambert, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kudai kwamba amechukua nafasi ya Freddie. Kinachonikosesha raha ni kwamba mmoja wa wale wanne yuko hai, ana mikono yake miwili, na hatumuoni. Mara ya mwisho Deacon kupiga na wenzake mbele ya watu ilikuwa Paris, Januari 1997, Elton John akiimba. Tangu siku hiyo May na Taylor wamezunguka dunia chini ya jina la Queen, na besi inapigwa na mtu mwengine.

Naomba anayefahamu anieleze: je, kuna dalili yoyote ya haki kwamba watatu hao watakutana tena, au tunajidanganya kwa mapenzi?

BesiLaNgambo amejibu:

Wa alaykumu ssalaam, ndugu yangu. Mimi napiga gitaa la besi katika bendi inayotumbuiza mahotelini, kwa hivyo niruhusu nilijibu suala lako kupitia upigaji wa Deacon, kwa sababu naamini sehemu kubwa ya jibu imo humo.

Uchukue Another One Bites the Dust, wimbo alioutunga mwenyewe na ambao mwaka 1980 ulishika nafasi ya kwanza Marekani. Ukiusikiliza kwa spika nzuri utasikia besi inaigonga noti ile ile mara tatu, kisha inanyamaza, na ni katika kule kunyamaza ndipo mguu wa msikilizaji unapoanza kucheza wenyewe. Sisi wapigaji wengi tunaharibu hapo hapo. Vidole havitaki kungoja, basi tunaijaza ile nafasi kwa vinoti vya kujionesha, na wimbo wote unakufa. Dramu unayoisikia katika rekodi ile ni kipande kifupi cha utepe kilichounganishwa ncha kwa ncha kikawa kinajirudia, kwa hivyo uhai wa wimbo umebebwa na mtu mmoja anayejua ni wakati gani asipige. Under Pressure ya 1981, waliyoifanya na David Bowie, imesimama juu ya noti mbili tu za besi, na hakuna mpenzi wa muziki huu asiyeitambua ndani ya sekunde ya kwanza.

Deacon ndiye aliyejiunga mwisho, mwaka 1971, na ndiye mdogo wao. Alisomea elektroniki, na kwa vipande vya saketi alivyoviokota jalalani akatengeneza amplifaya ndogo ambayo Brian May aliitumia kurekodi yale magitaa yake yanayosikika kama okestra nzima. Nayataja haya kwa sababu ndivyo mtu huyu alivyokuwa tangu mwanzo: kazi yake iko kila pahala, na sura yake haionekani mbele.

Sasa tazama alivyoondoka. Freddie alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Deacon alipiga katika tamasha la kumuenzi Wembley, Aprili 1992, akafanya kazi na wenzake hadi albamu ya Made in Heaven ikatoka 1995, akaenda Paris, na mwaka ule ule wa 1997 ukatoka No-One but You, wimbo wa kumuaga Freddie ambao ndio wa mwisho waliourekodi wote watatu. Alimaliza kila kilichobaki mezani, kisha akaondoka bila ya ugomvi. Alipata kueleza kwamba hakuona maana ya kuendelea bila ya Freddie, na mwaka 2001, bendi ilipoingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki huko Marekani, hakuhudhuria. Mtu aliyesusia hurudi akibembelezwa, lakini Deacon hakususia. Aliona kazi yake imekwisha.

Kwa hivyo kuhusu jukwaa, jibu langu ni hapana, na nasema hivi kwa huzuni, kwa sababu hakuna mpiga besi ambaye ningependa kumuona kwa macho yangu kuliko yeye.

Lakini kuna pahala ambapo wanne hao bado wanakutana, nako ni katika kanda. Mwaka 2014 ulitoka Let Me in Your Heart Again, na mwaka 2022 Face It Alone, wimbo uliobaki katika kazi za albamu ya The Miracle ya 1989. Katika nyimbo zote mbili sauti ni ya Freddie na besi ni ya Deacon. Mwaka 2024 albamu yao ya kwanza ya 1973 ilichanganywa upya, na kwa mara ya kwanza dramu za Taylor zikasikika kama walivyozitaka tangu mwanzo. Ikiwa miaka 80 itatuletea kitu, nadhani kitatoka kabatini.

BintiWete amejibu:

Nakubaliana na kaka yangu mpiga besi, ila yeye amelitazama upande wa muziki, na mimi nalitazama upande wa adabu. Sisi tumelelewa kwamba ukifika kwa mtu unapiga hodi mara tatu, na usipoitikiwa unarudi ulikotoka, hata ukiwa unasikia redio inalia ndani. Huyu bwana amepigiwa hodi na dunia nzima kwa zaidi ya robo karne. May na Taylor wameeleza mara nyingi kwamba mambo ya biashara ya Queen hupelekwa kwake kabla ya kuamuliwa, kwa hivyo hajatupwa wala hajasahauliwa. Anajua mlango uko wapi. Mashabiki wanaokwenda kumvizia karibu na kwake na kumpiga picha kisha kuzisambaza wananiudhi sana, na naomba mazungumzo yetu haya yasiwe na chochote cha namna hiyo.

MzeeWaVikokotoni amejibu:

Wanangu, mmesema mazuri, lakini mimi nina neno kuhusu hao wawili waliobaki, kwa sababu naona mnawapita kama kwamba wamebakia na jina tupu.

Mimi nimekulia katika taarabu. Nadi Ikhwani Safaa imeanzishwa 1905, na hakuna hata mmoja wa waasisi wake aliye hai, lakini hutamsikia mtu hapa Unguja akisema kwamba Ikhwani Safaa imekufa. Mpiga fidla anaondoka, anakuja kijana aliyekuwa akikaa pembeni yake akimtazama mkono, na chama kinaendelea. Kwa nini basi tuwanyime May na Taylor haki hiyo hiyo? Adam Lambert ameimba nao kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani, na ziara yao iliyomalizika Japani, Februari 2024, ilijaza viwanja.

Hata hivyo nitasema dhidi ya hoja yangu mwenyewe, maana haki lazima isemwe. Klabu ya taarabu ni jumuiya tangu siku ya kwanza, ina wanachama, ina viongozi, na mtunzi anaweza kuwa hata si mpigaji. Queen ilikuwa watu wanne ambao kila mmoja alikuwa mtunzi kwa haki yake: Freddie ametoa Bohemian Rhapsody, May We Will Rock You, Taylor Radio Ga Ga, na Deacon huo wimbo uliosifiwa hapo juu pamoja na I Want to Break Free. Bendi ambayo kila mmoja wao ameiandikia wimbo unaoimbwa dunia nzima ni adimu mno, na ndiyo maana pengo la mmoja halizibiki kwa kufundisha kijana.

Ama hilo la kuja Unguja, mwambieni huyo rafiki yenu atulize moyo. May amezaliwa 1947 na Taylor 1949. Mwaka 2024 May alipata kiharusi chepesi, mkono wake wa kushoto ukakosa nguvu, na madaktari wakamkataza kwa muda hata kupanda ndege. Mkono wa kushoto kwa mpiga gitaa ndio unaobonyeza nyuzi. Tumshukuru Mungu kwamba amepata nafuu na amepiga tena, lakini kumtaka mtu wa umri huo asafiri hadi Ngome Kongwe kwa ajili ya nyimbo mbili tatu ni kumtakia taabu.

Kuhusu makabati ya kanda, hapo mpiga besi amesema kweli, na kuna sababu ya ziada. Mwaka 2024 iliripotiwa kwamba Sony imenunua haki za nyimbo zao kwa takriban pauni bilioni 1. Aliyetoa fedha kama hizo hataacha tarehe 5 Septemba ipite hivi hivi.

MwanaShangani amejibu:

Ahsanteni sana, nyote. Nitawapelekea wenzangu majibu haya, na yule wa Ngome Kongwe nitamsomea maneno ya mzee wetu neno kwa neno.

Hoja ya kanda imeniingia, ila bado sijaridhika nayo moja kwa moja. Face It Alone niliisikiliza siku ilipotoka na nikatokwa na machozi, lakini ile ni sauti iliyoimbwa mwishoni mwa miaka ya 1980 ikasafishwa kwa mitambo ya leo. Watu wanne hawakukaa chumba kimoja mwaka 2022 wakakubaliana kwamba hivi ndivyo wimbo uwe. Kila kinachotoka kabatini kinakipunguza kilichobaki, na sitaki ifike siku tukaletewa vipande ambavyo wenyewe waliviacha kwa sababu havikuwa vizuri.

Tumeshaamua kwamba siku hiyo tutakutana barazani baada ya Isha tusikilize. BesiLaNgambo, ikiwa ni tamasha moja tu, ungetuchagulia lipi ili tumsikie Deacon vizuri?

BesiLaNgambo amejibu:

Wembley ya Julai 1986 ndiyo inayojulikana zaidi, na kuitazama ni raha, kwa sababu kamera inamkuta Deacon mara kwa mara akichezacheza kando ya dramu za Taylor. Lakini kwa kusikiliza, chagueni Milton Keynes ya tarehe 5 Juni 1982, iliyotolewa 2004 kwa jina la Queen on Fire. Ilikuwa kipindi ambacho walikuwa wameegemea nyimbo za kuchezeka, na besi imewekwa mbele katika mchanganyo kuliko rekodi zao nyingine za jukwaani. Msiisikilize kwa simu, kwa sababu spika za simu hazitoi noti za chini kabisa na mtabaki mkimsikia May peke yake. Nikiwa sina kazi hotelini usiku huo nitakuja na spika zangu.