Naomba ushauri: nikikasirika, machozi hunitangulia

Habari zenu ndugu zangu. Nauza vitenge katika soko la Owino, hapa Kampala. Mteja akinidharau au muuzaji jirani akininyang'anya mnunuzi wangu, sioni huzuni hata kidogo, ni hasira tupu. Lakini koo linakaba, sauti inatetemeka, machozi hayo! Watu wanadhani naomba huruma, nami ndiyo nazidi kuwaka.

Nimejaribu kuvuta pumzi polepole na kuitoa taratibu zaidi. Mapigo ya moyo yanatulia kweli, ila koo halifunguki. Funda la maji linasaidia kiasi kuliko kujiuma ulimi (ushauri wa shangazi, ulioniachia kidonda tu).

Wenye ujuzi wa saikolojia, kwa nini hasira itoke kama kilio? Na nifanye nini palepale, mteja akinitazama, ili nimalize kusema ninachotaka?