Benki mbili, mtaa mmoja, msimu mmoja wa tumbaku: kwa nini faida zinapishana?

Mhasibu_Urambo
Wakuu, habari za leo. AMCOS yetu, yaani chama cha ushirika cha wakulima, inataka kuhamisha akaunti. Hapa Tabora mjini benki zimepangana, wateja ni wale wale, masharti ya Benki Kuu ni yale yale. Lakini hesabu za robo mwaka gazetini zinaonyesha moja ina faida nono, nyingine inachechemea. Tofauti inatoka wapi ndani ya benki yenyewe, nami niangalie mstari upi?

Mizania
Anza na riba ambayo benki inalipa wenye amana. Watu wengi wanaruka hapo na kukimbilia faida. Chukua mfano wa amana za bilioni 100. Benki ya kwanza ina bilioni 70 kwenye akaunti za akiba na hundi, inazilipia wastani wa 1%. Bilioni 30 ni za muda maalumu, kwa 9%. Gharama yake kwa mwaka ni bilioni 3.4. Ya pili igeuze: 30 za akiba na hundi, 70 za muda maalumu. Inalipa bilioni 6.6. Imeachwa nyuma bilioni 3.2 kabla haijakopesha hata mtu mmoja, kwa hiyo inalazimika kutoza riba kubwa, na riba kubwa huwavuta wakopaji wa mashaka.

Halafu gharama za uendeshaji: zigawe kwa jumla ya mapato halisi ya riba na mapato ya ada. Benki Kuu inataka zisizidi 55%. Tawi lenye walinzi, jenereta na watumishi kumi ni mzigo; wakala mwenye duka analipwa kamisheni ya miamala tu.

Kasulu_Mikopo
Mkuu Mizania kasema vizuri, ila kinachoua benki ni mikopo chechefu, yaani iliyopitisha siku 90 bila marejesho. Milioni 100 ikipotea, na benki inabakiwa na 5% kwenye kila mkopo, inahitaji kukopesha bilioni 2 kwa mwaka mzima, zote zirudi, ili tu kufidia. Kwa huku kwetu uliza pia mikopo imerundikana wapi. Benki iliyojaza mikopo ya pembejeo za tumbaku peke yake, mvua ikikatika, wakopaji wote wanakwama kwa pamoja.

Mhasibu_Urambo
Asante sana ndugu zangu. Benki moja, uwiano wa mikopo chechefu kwa mikopo yake yote umeshuka kutoka 9% hadi 5%. Hiyo ni nafuu?

Kasulu_Mikopo
Si lazima. Angalia kiasi chenyewe kwa shilingi. Kama jumla ya mikopo imekua haraka, uwiano unashuka hata kama deni bovu halijapungua, maana mkopo mpya haujafikisha siku 90. Au mkopo mbovu wameufuta vitabuni, au wamempangia mkopaji upya marejesho.

Mizania
Na usiache mtaji. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki 5 ndogo kwa upungufu wa mtaji. Gawanya fedha za wanahisa kwa jumla ya mali, kwa robo nne mfululizo. Uwiano ukiporomoka kila robo huku amana zikiongezeka, fedha ya wakulima msiipeleke huko.