Naomba ushauri: chumba cha uani kimejaa vitu, na mama hataki kimoja kitoke

Mjukuu wa Ngamiani:
Wanajamvi, salaam. Nyumba yetu ipo Ngamiani, Tanga, na kwa miaka mingi imekuwa bohari ya ukoo mzima: anayehama huacha kitu "kwa muda", na kila shughuli ikiisha vyombo hubaki kwetu. Sasa mama anasumbuliwa na magoti, na tumekubaliana kumtengenezea chumba cha uani ili alale karibu na choo, lakini chumba chenyewe hakiingiliki. Kuna televisheni mbili za chogo, cherehani ya Singer ya kukanyaga, kitanda cha samadari kilichofunguliwa na kuegemezwa ukutani, majungu ya shughuli, vitabu vyetu vya sekondari, kanzu na makoti ya marehemu baba, pamoja na sanduku la doti za khanga ambazo hazijakatwa wala kupindwa. Nikigusa kitu, mama husema kina mwenyewe. Wadogo zangu walioko Dar es Salaam wanashauri tulete gari tupakie vyote mama akiwa safarini, lakini moyo wangu unakataa. Nifanyeje ili vitu hivi viwafae watu bila kumvunja moyo mama?

Shangazi wa Pangani:
Mwanangu, hilo la gari usilikubali. Mama akirudi atasema mmemvizia, na kila atakachokikosa miaka yote ijayo atadai kilikuwa chumbani humo. Mkalishe kitini mlangoni, mtoe kitu kimoja kimoja, naye aseme kiende kwa nani, kwa sababu mzee anayekataa vitu visitolewe mara nyingi hakatai kumpa fulani anayemjua na shida yake anaijua. Anzeni na visivyo na kumbukumbu, kama makopo ya rangi iliyoganda na ndoo zilizotoboka. Majungu msimpe mtu mmoja. Yapelekeni msikitini au kwa akina mama wa mtaa wanaoazimana vyombo, mama ataendelea kuyaona kwenye maulidi na hitima, na siku mkiwa na shughuli yenu mtakwenda kuyaazima.

Mzee wa Baraza:
Kabla hujagusa kanzu na makoti ya mzee, hakikisha kwamba mirathi imekwisha kugawanywa. Kwa sisi Waislamu, alichoacha marehemu chote, hadi saa na bakora, ni mali ya warithi. Fungu la mama yako ni thumuni, yaani moja ya nane, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, na kinachobaki ni cha warithi wengine. Kwa hiyo kuitoa sadaka kanzu ya baba kunahitaji ridhaa ya kila mrithi aliye mtu mzima, na kama yupo ambaye bado mtoto, fungu lake lisiguswe. Tuma picha za vitu kwenye kundi la familia, ukiweka na siku ya mwisho ya kujibu. Kagua pia mifuko ya makoti na katikati ya kurasa za vitabu, kwani wazee wetu walikuwa na tabia ya kuficha humo stakabadhi na hata karatasi za viwanja.

Fundi Redio:
Televisheni zijaribuni kwanza. Watu walianza kuzihesabu kuwa taka mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, lakini yenye matundu ya waya wa njano, mweupe na mwekundu bado huonyesha vizuri ikiunganishwa na king'amuzi. Iliyokufa mpelekeeni fundi anayehitaji vipuri, ikiwa nzima. Msiwaachie vijana wa vyuma chakavu waipasue uani wakitafuta shaba, maana kioo cha chogo kina madini ya risasi. Na jamani, cherehani hiyo isiuzwe kwa kilo! Ikipigwa mafuta na kubadilishiwa mkanda itashona tena, tena bila umeme, na kwa binti aliyemaliza mafunzo ya ushonaji huo ni mtaji.

Mpwa wa Korogwe:
Siungani na fikra ya kugawa kila kitu bure. Samadari ina soko. Pateni bei kwa wanunuzi wawili watatu, kisha fedha hizo ziingie kwenye ukarabati wa chumba cha mama. Kuhusu vitabu, pigeni simu shuleni au kwenye kituo cha watoto kabla ya kubeba chochote, kwani vya kiada vya mitaala ya zamani vitawajazia stoo tu, ilhali kamusi na riwaya huenda zikapokewa. Nguo zilizochanika msiwapelekee watu kwa jina la msaada.

Mjukuu wa Ngamiani:
Nawashukuru. Nimezungumza na mama, amekubali majungu yaende msikitini kwa sharti kwamba jina la baba liandikwe kwa rangi ubavuni. Kwenye khanga bado anasita, na nyingine zimeanza kuchakaa mikunjoni.

Shangazi wa Pangani:
Zianikeni kivulini, jua litazipausha. Zilizotoboka zikateni ziwe za kupokelea watoto wachanga, na zilizo nzima mwache mama mwenyewe awachagulie mabinti na wakwe zake. Ila kabla ya kufunga bahasha someni kwa sauti jina la kila doti, maana za zamani zina vijembe vikali, na wifi yako akipelekewa cha kwake hatakubali kwamba ilikuwa bahati mbaya.