Naomba ushauri: nimwelekeze mtoto au nimwache akue?

Habari zenu wakuu. Binti yangu ana miaka 5. Nikimimina maji kutoka bilauri pana kwenda nyembamba na ndefu, anashikilia kwamba yameongezeka, na kila kitu amekiona kwa macho yake! Kwa Piaget, mwanasaikolojia aliyechunguza jinsi watoto wanavyofikiri, hilo ni la kawaida kati ya miaka 2 na 7: mtoto anatazama kimo, upana anausahau. Hapo sina wasiwasi. Kinachoniumiza kichwa ni Vygotsky, mwanasaikolojia mwingine wa makuzi ya watoto, anayesema mtoto akishikwa mkono na mtu mzima hufika asikoweza kufika peke yake. Sasa nikimwelekeza, ataelewa kweli au atakariri jibu ili anifurahishe tu? Walimu wa chekechea na mliosoma saikolojia ya makuzi, huwa mnamuulizaje mtoto bila kumtafunia jibu?