Wanyama wa mfuko wa Australia: kwa nini wanaisha, na uzio wa paka hujengwaje?

Mlezi_Nyamagana
Wakuu, salaam. Klabu yetu ya mazingira, shule ya sekondari hapa Mwanza, inaandaa ubao wa maonyesho kuhusu wanyama wanaolea watoto mfukoni. Wanafunzi wanauliza: tunasikia wa Australia wanamalizwa na mbweha na paka, lakini mbweha na paka mwitu hata kwetu wapo, mbona sungura na digidigi hawajaisha? Pia wanataka kujua uzio wa kuzuia paka unajengwaje, maana paka gani anashindwa kupanda wavu? Tena kuna anayetaka panya buku awekwe kama ndugu yao.

Mbuga_na_Mwambao
Panya buku mtoeni, mwalimu. Mifuko yake iko mashavuni, ya kubebea chakula. Wanyama wa mfuko wa asili wako Australia, New Guinea na visiwa vya jirani, na Amerika. Afrika hakuna.

Sungura wetu amekulia kwenye meno ya mondo, simbamangu na mbweha tangu enzi na enzi. Kukwepa kumo ndani ya damu yake. Australia paka alishuka na meli za Waingereza kuanzia 1788, na mbweha mwekundu akaletwa katikati ya karne ya 19 ili watu wapate cha kuwinda. Walioumia zaidi ni wanyama wa kati ya gramu 35 na kilo 5.5: mbweha anawamudu bila shida, na wakati huohuo wanashibisha. Kangaruu wakubwa wamebaki tele. Uzito huo uandikeni katikati ya ubao, kwa maandishi makubwa. Ng'ombe, kondoo na sungura wa kigeni nao walimaliza majani ya kujifichia.

Mfano wa kuwaonyesha wanafunzi ni woylie, mnyama wa kilo moja na kitu anayefukua uyoga wa ardhini. Magharibi mwa Australia walitega nyama yenye sumu ya 1080. Sumu hiyo imo kiasili kwenye mimea ya huko, kwa hiyo wanyama wenyeji wanaistahimili ila mbweha anakufa. Woylie wakaongezeka hadi mwaka 1996 wakaondolewa kwenye orodha ya walio hatarini. Miaka michache baadaye wakaporomoka kwa takriban asilimia 90. Paka wanatajwa miongoni mwa sababu kubwa: mbweha akipungua paka anapata nafasi, na paka hapendi mizoga, anataka kilicho hai, hivyo chambo anakipita.

Fundi_Wavu
Uzio sasa. Urefu kama mita 1.8. Chini wavu wa matundu ya milimita 30, kitoto cha sungura kisipite. Juu unaweza kutumia matundu ya 50. Siri iko kwenye sentimita 60 za mwisho: wavu unapindwa kuelekea nje na kuachwa ULEGEE, bila fito wala waya wa kuukaza. Paka akifika pale wavu unainama naye na kumrudisha chini. Fundi akiukaza ili upendeze, ameshamjengea paka ngazi.

Mguuni wavu unalazwa nje juu ya ardhi, sentimita 30 au zaidi, na kufukiwa. Mbweha huchimba pale pale uzio unapogusa ardhi, kwa hiyo anakutana na wavu. Miti ya karibu ikatwe. Panapovunjika zaidi ni kwenye vijito: mvua moja inafukua tundu, na mbweha mmoja akiingia anaua makumi. Ukaguzi hauna likizo.

Mkishamaliza kujenga, kuna tatizo la ndani. Arid Recovery, hifadhi yenye uzio kusini mwa Australia, wanyama wachimbaji waitwao boodie walizaana hadi wakamaliza mimea, na wasioona adui wanasahau woga. Ndiyo maana huko waliachia paka wachache kwa makusudi kwenye sehemu mojawapo, wanyama wajifunze.

Mbuga_na_Mwambao
Uzio una mipaka mingine pia. Shetani wa Tasmania, mnyama wa mfuko anayekula nyama, anauawa na saratani ya uso inayoambukizwa kwa kung'atana, iliyoonekana mara ya kwanza 1996. Walihamishia wazima 28 kisiwa cha Maria kuanzia 2012. Wakastawi, lakini pengwini wadogo wa pale wakaliwa wote. Kabla ya kuhamisha mnyama, uliza nani ataliwa.

Wa_Ziwani
Wanafunzi wa Mwanza wanalo somo hili mlangoni. Sangara alipandwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akafumuka miaka ya 1980, na furu wakatoweka kwa mamia ya spishi. Ziwa huwezi kulizungushia wavu, ila maficho yapo: mbipi, yaani furu wa kwenye miamba, na samaki wa kwenye mafunjo, kwa sababu sangara anahitaji oksijeni nyingi na maji ya mafunjoni hana raha nayo. Kwa hiyo anayefyeka mafunjo anabomoa uzio.

Tofauti muiandike pia: kwa furu, matope na mbolea vinaua bila sangara. Jike huchagua dume kwa rangi. Maji yakichafuka haoni rangi, spishi zinachanganyika. Sangara hata akivuliwa wote, hilo linabaki palepale.

Mlezi_Nyamagana
Ahsanteni sana. Panya buku ametoka, mbipi ameingia. Fundi, kile kipande cha juu tukitengeneze mfano wa upana wa mita moja kwa wavu wa kuku?

Fundi_Wavu
Unafaa, mwalimu. Ufungeni kwenye nguzo hadi mita 1.2 tu, kilichobaki kining'inie nje. Kisha mtoto aning'inize mfuko wa mchanga wa kilo nne, uzito wa paka, waone unavyoinama.