Naomba ushauri: tulale Nakuru au Kisumu msimu huu wa baridi, na makumbusho yapi yatawafaa watoto?

Mama Zuhura: Assalamu alaikum, na heri kwenu nyote. Mwezi wa Agosti tunatoka Mombasa kwenda Mumias kwenye harusi ya upande wa mume wangu, na kwa kuwa tutakuwa na mavyaa wangu, ambaye magoti yanamsumbua, pamoja na watoto wawili wa miaka saba na kumi na miwili, tungependa kulala njiani baada ya Nairobi. Mume wangu anapendekeza Nakuru, ili tuwaoneshe watoto Hyrax Hill, kilima chenye makumbusho. Mimi nachelea baridi. Je, tulale hapo au tujikaze hadi Kisumu?

Mkazi wa Lanet: Wa alaikumu salamu, dada. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo baridi ya Agosti si ya kupuuzwa, lakini ni ya usiku na alfajiri. Jua likishapanda watu huvua masweta. Hyrax Hill iko kama kilomita nne kabla ya mjini ukitoka Nairobi, basi mkiwahi kufika mchana, pitieni hapo kwanza kuliko kurudi asubuhi kungali na baridi. Nyumba yenyewe ya makumbusho ni ndogo, ilikuwa makazi ya shambani na imekuwa makumbusho tangu 1965. Anayetarajia Fort Jesus atatoka amenuna. Utamu uko nje. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba hapo mwaka 1937, akafukua makao na makaburi ya kale, na juu ya mwamba utaona vishimo vya bao vilivyochongwa safu kwa safu. Mtoto wa pwani aliyezoea kuwatazama wazee wakicheza bao barazani hahitaji kuelezwa ni nini.

Mwalimu wa Kondele: Kwa heshima, ndugu yangu wa Lanet anavutia kwake, na amesahau magoti ya mama mzee, maana kile ni kilima. Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa 1980, yako kando ya barabara ya Kericho. Humo mna samaki wa ziwani, nyoka, mamba, na simba aliyekaushwa akiwa amemrukia nyumbu, ambaye watoto hawabanduki mbele yake. Uani kuna Ber-gi-dala, boma kamili la Kijaluo: nyumba ya mikayi, yaani mke wa kwanza, inatazamana na lango, na simba, kibanda cha mwana wa kiume, kiko karibu na lango hilo. Kisumu nayo iko mita 1,130 hivi tu, hamtatafuta blanketi.

Dereva Mstaafu: Mnabishana kuhusu makumbusho na kusahau barabara. Baada ya Nakuru njia inapanda hadi Mau Summit kisha Londiani na Kericho, na msimu huu ukungu huko hushuka hadi usione taa za lori lililo mbele yako. Kujikaza hadi Kisumu usiku mkiwa na mzee na watoto sikushauri hata kidogo. Laleni Nakuru, ondokeni ukungu ukishainuka, Kisumu mtaingia adhuhuri, mtazame makumbusho ya mwalimu, na Mumias mfike kabla ya magharibi.

Mama Zuhura: Ahsanteni, mmenitua mzigo. Tutalala Nakuru. Hyrax Hill mume wangu atapanda na mkubwa, sisi tutawasubiri chini. Ila huyu mdogo hana woga wa chochote. Hao nyoka na mamba wa Kisumu wamezuiwa vipi?

Mwalimu wa Kondele: Nyoka wako nyuma ya vioo na mamba yuko ndani ya ua, lakini mshike mkono, kwani watoto hupenda kupanda ukuta wachungulie. Jambo jingine, malipo ya kuingia hufanywa kwa simu kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kwa hiyo hakikisheni simu ina chaji na salio kabla hamjafika langoni.