Mnachukua hela za vijana wanaokwenda kujitolea India, halafu mnawatelekeza Delhi usiku wa manane!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sifichi. Kuna taasisi hapa nyumbani inapeleka vijana kujitolea nje. Jina silitaji, wenyewe wanajijua. Nimewalipa ada ya uratibu yote, na mkataba walionisainisha unasema wazi: kupokelewa uwanja wa ndege Delhi, malazi, semina elekezi, kisha kusindikizwa mpaka kwenye treni ya Rajasthan iliko shule ninayojitolea.

Nimetua Terminal 3 usiku wa manane, hakuna mtu. Pale nje ya mlango wamepanga mstari watu wenye vibao vya majina. Nimesoma kibao kimoja baada ya kingine mpaka mwisho wa mstari, nikarudi nikasoma tena. Langu halipo. Namba ya mwenyeji wao inaita tu. Ya mratibu wa Dar haipatikani. Nimekaa kwenye viti vya uwanjani nimekumbatia begi mpaka kukakucha, binti peke yangu, nchi ya watu.

Na Delhi siyo mji wa kumwachia mgeni ajitafutie. Chukua Kariakoo mkesha wa Idi, halafu toa kila kona ya kupumulia. Honi hazinyamazi, malori yenyewe yameandikwa nyuma kwamba upige honi. Mimi nimefika Novemba, wakati wakulima wa majimbo ya Punjab na Haryana wanachoma mabua ya mpunga, fataki za Diwali nazo zimetoka kulipuliwa, moshi wa magari upo palepale, na baridi inaukandamiza wote chini. Asubuhi jua linachomoza rangi ya chungwa, unaliangalia bila kufumba macho, na koo linawasha kama umemeza majivu. Mimi nina pumu! Nimeijaza kwenye fomu yao ya afya, nao wameipokea na kuigonga muhuri. Hakuna aliyefungua mdomo kuniambia nibebe barakoa au niongeze dawa.

Kulipokucha nikapanda treni ya uwanja wa ndege mpaka stesheni ya New Delhi. Haifiki nusu saa na nauli ni ndogo, hata hilo hawakuniambia. Stesheni ndipo wapigadebe walipo. Akaja kaka mmoja, shati limenyooshwa, kitambulisho shingoni kimegeuzwa nyuma mbele. "Ofisi ya tiketi za wageni imefungwa, dada, ipo matengenezo. Twende Connaught Place kuna ofisi ya serikali." Mkono wake tayari uko kwenye begi langu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamkaripia kwa Kihindi, akaninyooshea kidole juu: ghorofa ya kwanza, upande wa Paharganj. Nikapanda ngazi. Ofisi iko wazi, watu wamekaa foleni.

Utapeli huo ni wa miaka na miaka, kila anayeijua Delhi anaujua. Unakupeleka kwenye ofisi feki unauziwa safari kwa bei ya kukausha akiba yako yote. Kuuandika kwenye kipeperushi ni sentensi moja. Kipeperushi chao kimejaa picha za tembo na Taj Mahal.

Kinachonichoma zaidi ni viza. Walituambia tuombe ya utalii na tukiulizwa tuseme tunatembea. Viza ile inaruhusu kujitolea bila malipo kwa muda usiozidi mwezi mmoja. Programu waliyoniuzia ni miezi mitatu! Nikikamatwa nafukuzwa mimi, pasi inachafuka yangu, wao wanaendelea kupokea ada za wengine.

Tena wanajua sisi watu weusi kule tunatazamwa vipi. Mwaka 2016 mwanafunzi wa Kitanzania, binti, alishambuliwa na kundi la watu Bengaluru, mji wa kusini mwa India, mpaka Waziri wa Mambo ya Nje wa India, Sushma Swaraj, akalizungumzia. Wahindi wema wapo wengi, nimelishwa bure Gurdwara Bangla Sahib, hekalu la Masingasinga pale Delhi, bila kuulizwa dini wala kabila, na kina mama wa metro ndio walionionyesha behewa la wanawake. Lakini binti anayepelekwa kule anatakiwa ajue mapema akae wapi, apande nini, ampigie nani. Hiyo ndiyo semina niliyoilipia.

Risiti ninazo, mkataba ninao, na rekodi ya simu zisizopokelewa ninayo. Nataka hela ya mapokezi, malazi na semina irudi. Mwenye uzoefu wa kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, aniambie naanzia wapi na wanataka nyaraka gani. Na kama una mdogo wako anaondoka kwa mkataba wa aina hii, asipande ndege kabla hajaongea kwa simu na mtu mwenyewe atakayempokea.